Badala, Kwa Ajili na Pamoja: Fundisho la Kifo cha Kristo Likisomwa Kutoka Rugerero

Katika theolojia ya Kikristo, fundisho la kifo cha badala ni lile linalokiri kwamba Yesu wa Nazareti, aliyesulubiwa Yerusalemu wakati wa liwali Pontio Pilato, alikufa kifo kilichowastahili wengine, na kwamba kwa kufa kwake wengine hao wamepata uhai ambao wasingeweza kujipatia wenyewe. Kauli hiyo huhubiriwa kila Ijumaa Kuu katika makanisa ya Afrika Mashariki, lakini ndani yake mna swali gumu ambalo wanatheolojia wamelijadili kwa karne nyingi: mtu mmoja anawezaje kusimama mahali pa mwingine katika jambo lisiloweza kukabidhiwa, yaani hatia? Deni la fedha laweza kulipwa na ndugu, na mzigo wa kuni waweza kubebwa na jirani, lakini tendo ovu hubaki kuwa la aliyelitenda, na hakimu anayemfunga asiye na kosa ili amwachilie mkosaji huhesabiwa kuwa amepotoka, hata kama huyo asiye na kosa amejitolea kwa hiari.

Swali hilo lina uzito wa pekee Rugerero, sekta ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, iliyo kati ya mji wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu na mpakani na Goma, na kilima cha Nyundo, ambako Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1901 na ambako Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji, alianza uongozi wake mwaka 1952. Ni eneo ambalo Kinyarwanda cha nyumbani hukutana na Kiswahili cha soko na cha mpakani, lugha iliyopewa hadhi ya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na kwa hiyo msalaba huhubiriwa na kusikilizwa kwa misamiati miwili. Ni eneo, vilevile, ambalo katika Aprili 1994 watu waliokimbilia Nyundo, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu ingewasitiri, waliuawa humohumo. Mahali palipoona mambo hayo, kusema kwamba mmoja alikufa badala ya wengi kunadai maelezo. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba neno "badala" halisimami lenyewe: hupata maana yake ya Kikristo pale tu linapotanguliwa na neno "pamoja", na likitenganishwa nalo hugeuka kuwa hesabu ya kibiashara au, vibaya zaidi, kuwa kisingizio cha kuwatoa wengine wafe.

Maneno yanayobeba fundisho

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na katika lugha hiyo vihusishi viwili ndivyo vinavyobeba fundisho hili. Cha kwanza ni anti, chenye maana ya "badala ya", ambacho hutokea katika Injili ya Marko 10:45, pale Yesu anapoueleza uhai wake kuwa fidia inayotolewa kwa watu wengi. Cha pili ni hyper, chenye maana ya "kwa ajili ya" au "kwa faida ya", nacho ndicho kinachotumiwa mara nyingi zaidi, hasa katika nyaraka za Paulo na katika maneno ya Karamu ya Mwisho. Kihusishi hyper chaweza kubeba wazo la badala, lakini hakilazimiki kulibeba, kwa maana anayefanya jambo kwa ajili ya mwenzake si lazima amwondoe mwenzake mahali pake. Kwa hiyo Maandiko yenyewe hayajalifunga fundisho hili katika neno moja, na wafasiri wa Kiswahili walipokuwa wakitafuta maneno ya kulieleza walilazimika kuchota katika visima kadhaa.

Neno "fidia" ni malipo yanayomtoa mateka au mtumwa mikononi mwa aliyemshika, na katika pwani ya Waswahili neno hilo halikuwa la vitabuni tu, kwa kuwa soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na juu ya kiwanja chake, Mkunazini, likajengwa Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. "Kafara" ni kitu kinachotolewa ili kuondoa balaa au kufuta kosa, nalo lina shina moja na neno la Kiebrania linalotaja Siku ya Upatanisho, ile siku ambayo, kwa mujibu wa Walawi 16, mbuzi wawili waliletwa mbele ya kuhani, mmoja akachinjwa na mwingine akawekewa maovu ya taifa kichwani na kupelekwa jangwani. "Dhamana" ni ahadi ya mtu anayesimama nyuma ya mdaiwa na kukubali kwamba, mdaiwa akishindwa, yeye ndiye atakayetafutwa, na Waraka kwa Waebrania 7:22 humpa Kristo wadhifa huo wa mdhamini. Ni muhimu kuona kwamba maneno hayo matatu hayafanyi kazi moja: fidia hudokeza bei, kafara hudokeza usafi, lakini dhamana hudokeza uhusiano, kwa sababu hakuna anayemdhamini mtu asiyemjua.

Kinyarwanda nacho kina hazina yake: incungu ni fidia, igitambo ni dhabihu, na impongano ni upatanisho unaotolewa kwa ajili ya kosa. Neno la mwisho humfanya msikilizaji wa Kiswahili asite, kwa kuwa linasikika kama ndugu wa kitenzi "kuhonga", na "hongo", kabla ya kuwa rushwa, ilikuwa ada ambayo misafara ya karne ya 19 iliwalipa watawala wa bara ili kuruhusiwa kupita. Hapo hatari ya kwanza hujitokeza wazi. Ikiwa kifo cha Kristo ni hongo, basi Mungu ni mtawala aliyefunga njia mpaka alipwe, na wokovu ni kibali cha kupita kilichonunuliwa. Gregori wa Nazianzo aliiona hatari hiyo katika karne ya 4 alipouliza fidia hiyo ililipwa kwa nani: kumlipa Shetani ni fedheha, kwa kuwa mnyang'anyi hana haki ya bei, na kumlipa Baba hakueleweki, kwa kuwa Baba aliyekataa Isaka asichinjwe hawezi kufurahia damu ya Mwanawe. Jibu lake lilikuwa kwamba Baba aliipokea sadaka hiyo bila kuidai wala kuihitaji, ila kwa ajili ya mpango wa kuwaokoa wanadamu, na kwamba kilichohitajika ni ubinadamu kutakaswa na ubinadamu wa Mungu mwenyewe.

Kutoka malipizi hadi adhabu

Anselm wa Canterbury, aliyekamilisha kitabu chake kiitwacho Cur Deus Homo mwaka 1098, aliachana na wazo la kumlipa Shetani akaliweka suala katika lugha ya heshima. Mwanadamu, kwa hoja yake, amemnyima Mungu heshima anayostahili, na uharibifu huo lazima ama uadhibiwe ama utengenezwe kwa malipizi, yaani kwa tendo jema linalozidi kosa. Na kwa kuwa mwenye wajibu wa kutoa malipizi ni mwanadamu, ilhali mwenye uwezo wa kuyatoa ni Mungu peke yake, ilibidi atoke mmoja aliye Mungu na mwanadamu. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita ni kwamba kwa Anselm malipizi yako mahali pa adhabu: Kristo haadhibiwi, bali anatoa zawadi inayofanya adhabu isihitajike. Ni katika karne ya 16, hasa kwa John Calvin, mwanatheolojia aliyesomea sheria kabla ya kuongoza kanisa la Geneva, ndipo lugha ilipohamia mahakamani, Kristo akaelezwa kuwa ndiye aliyesimama kizimbani na kuibeba hukumu yenyewe iliyowastahili wakosaji.

Ufafanuzi huo wa pili uliwapa waumini faraja kubwa, lakini ulifungua pia mlango wa pingamizi. Fausto Sozzini, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1594, alidai kwamba msamaha na malipo havikai nyumba moja: aliyesamehe hakulipwa, na aliyelipwa hakusamehe. Immanuel Kant, mwaka 1793, aliongeza kwamba deni la hatia si kama deni la fedha, kwa kuwa ni deni lililofungamana na nafsi ya mtu mwenyewe, wala haliwezi kuhamishwa kwa mwingine hata akiwa mwema kiasi gani. Wala pingamizi hilo halikuanzia Ulaya. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikuwa amekwisha kukanusha kwamba mwana ataubeba uovu wa baba, na Kurani hurudia mahali kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, hoja ambayo Mkristo wa Gisenyi, Ujiji au Mombasa huisikia kwa jirani yake Mwislamu na ambayo haiwezi kujibiwa kwa kuongeza sauti. Inahitaji jibu linalokubali ukweli uliomo ndani yake, kwamba haki ya kweli haimwadhibu Petro kwa kosa la Paulo, na ambalo bado linaeleza kwa nini msalaba si udhalimu wa namna hiyo.

Umutabazi: damu kwa ajili ya nchi

Rwanda ya kale ilikuwa na wazo lake la mtu anayekufa kwa ajili ya wengi. Umutabazi, kutokana na kitenzi gutabara, yaani kwenda vitani au kwenda kusaidia, alikuwa mtu aliyeteuliwa kwa njia ya uaguzi ili amwage damu yake katika ardhi ya adui, kwa imani kwamba damu hiyo ingeifunga nchi ya adui na kuipa Rwanda ushindi. Padre Alexis Kagame, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya jumba la kifalme, ndiye aliyelieleza jambo hilo kwa wasomaji wa karne ya 20, na mfano mashuhuri zaidi ni wa mfalme Ruganzu Bwimba. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, waaguzi walimteua Nkurukumbi, mjomba wa mfalme, awe umutabazi dhidi ya ufalme wa Gisaka. Nkurukumbi alikataa, na mfalme mwenyewe akashika nafasi hiyo, akaenda akafa. Dada yake Robwa, aliyekuwa ameolewa na mfalme wa Gisaka, alipopata habari hiyo alijiua akiwa mjamzito, ili asizae mtoto ambaye angeitwaa Rwanda kwa ajili ya Gisaka.

Mwanatheolojia anayelisoma simulizi hilo hukutana ndani yake na mambo matatu yanayolisogelea fundisho la Kikristo. Kwanza, aliyekufa ni mfalme, yaani yule ambaye desturi ya dunia hutaka raia wamfie badala ya yeye kuwafia. Pili, alisimama mahali pa mtu fulani mwenye jina, aliyepaswa kwenda naye akakataa, jambo linalolifanya tendo lake kuwa badala kwa maana kamili ya neno hilo. Tatu, tendo lake halikueleweka kuwa malipo kwa yeyote: nguvu ya umutabazi haikutokana na bei bali na kuungana kwake na nchi, kiasi kwamba damu yake ilihesabiwa kuwa damu ya Rwanda. Wazo la damu kama kifungo badala ya malipo halikuwa geni katika maisha ya kawaida pia, kwa kuwa kunywana, desturi ambayo Waswahili waliiita kuchanjiana, iliwafanya watu wawili wasio wa ukoo mmoja kuwa ndugu kwa kuonja damu, na baada ya hapo mmoja hakuweza kuyaita matatizo ya mwenzake kuwa si yake.

Hata hivyo tofauti ni kubwa kuliko mfanano, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari. Umutabazi alikufa kwa ajili ya watu wake dhidi ya watu wengine, na damu yake ilikuwa silaha. Paulo, katika Warumi 5, analiweka jambo kinyume kabisa: anakubali kwamba pengine mtu aweza kuthubutu kufa kwa ajili ya mtu mwema, kisha anadai kwamba Kristo aliwafia watu walipokuwa bado adui zake. Kifo cha umutabazi kilichora mpaka kati ya Rwanda na Gisaka kwa damu, ilhali kifo cha Kristo, kwa mujibu wa Waraka kwa Waefeso, kilibomoa ukuta uliokuwa kati ya makundi mawili ya watu. Ukristo unaomhubiri Yesu kama umutabazi bila kuitaja tofauti hiyo unaweza, bila kukusudia, kumfanya awe mlinzi wa kabila moja.

Kauli ya Kayafa na barua ya Gisenyi

Injili ya Yohana ina kejeli kali kuhusu fundisho hili. Mmoja wa wanaolitamka waziwazi katika kitabu hicho, katika 11:50, ni Kayafa, kuhani mkuu, anayewashauri wenzake kwamba ni afadhali mtu mmoja auawe kuliko taifa zima kuangamia. Mwandishi anaongeza kwamba Kayafa alitabiri bila kujua, maana maneno yake, yakichukuliwa yalivyo, ndiyo Injili yenyewe: mmoja kwa ajili ya wengi. Kinachoyatenga maneno yake na Injili ni nani anayechagua na nani anayekufa. Kayafa anatoa uhai wa mwingine, Kristo anautoa wake. Mwanafikra wa Kifaransa René Girard, katika maandishi yake ya miaka ya 1970 na 1980, alieleza kwamba jamii nyingi hujipatia amani kwa kumtwisha mhanga mmoja au kundi moja lawama zote kisha kulifukuza au kuliua, na kwamba habari za mateso ya Yesu zinautoboa ujanja huo kwa sababu zinasimuliwa kutoka upande wa mhanga na kutangaza kwamba hakuwa na hatia.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliua zaidi ya watu 1,000,000 katika muda wa siku mia moja hivi, yaliendeshwa kwa hesabu ya Kayafa iliyokuzwa mpaka mwisho: wauaji waliambiwa kwamba nchi itapona wengine wakiondolewa. Ndiyo maana mwanatheolojia hawezi kulitumia neno "badala" kizembe katika eneo hili. Kufanya mtu afe ili wengine waishi ni wazo ambalo lilikwisha kupata wahubiri wake, nao hawakuwa wahubiri wa msalaba, hata kama baadhi yao walikuwa wamebatizwa.

Wakati huo, katika mji wa Gisenyi, aliishi Félicité Niyitegeka, Mhutu, mmoja wa walei waliojiweka wakfu katika chama cha Wasaidizi wa Utume, aliyekuwa akikihudumia Kituo cha Mtakatifu Petro. Watutsi waliokuwa wakiwindwa walikimbilia kwake, naye aliwahifadhi, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kuingia Goma. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili ajiokoe. Naye alimjibu kwa barua fupi, iliyohifadhiwa na kujulikana sana, akimshukuru na kumweleza kwamba hatajiokoa kwa kuwaacha watu 43 alio nao, bali atakufa pamoja nao, na akamwomba awaombee. Tarehe 21 Aprili 1994 wanamgambo walikuja kuwachukua, na kwa sababu ya kaka yake walikuwa tayari kumwacha yeye. Alikataa kutengwa nao, akauawa pamoja nao mahali panapojulikana kama Commune Rouge, ambapo leo ni eneo la kumbukumbu. Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na wanafunzi wa Nyange ambao mwaka 1997 nao walikataa kutenganishwa Wahutu na Watutsi mbele ya washambuliaji.

Kifo hicho hakikuwa cha badala kwa maana ya kawaida ya neno, na haifai kulazimishwa kiwe hivyo. Maximilian Kolbe, Mfransisko wa Poland, alipojitolea mwaka 1941 katika kambi ya Auschwitz ashike nafasi ya Franciszek Gajowniczek, mfungwa mwenye mke na watoto, Gajowniczek aliishi mpaka mwaka 1995, na hapo badala ilikuwa kamili: mmoja aliingia, mmoja akatoka. Gisenyi hakuna aliyetoka. Kwa hesabu ya baridi, uamuzi wa Niyitegeka uliongeza mtu mmoja katika idadi ya waliouawa, na mtu anayeuona msalaba kuwa mabadilishano tu atalazimika kusema kwamba kifo chake hakikuleta faida. Lakini hakuna Mkristo wa Rubavu anayekisikia hivyo, na kusita huko kunafundisha jambo. Alichokikataa si uhai bali msamaha wa pekee, ule upendeleo ambao ungemfanya aishi kwa sababu ya damu yake na kuwaacha wengine wafe kwa sababu ya damu yao. Kwa kuukataa, aliukanusha uongo uliokuwa msingi wa mauaji yote, kwamba watu hao ni wa aina nyingine.

Kaimu na mbadala

Kutoka hapo fundisho laweza kusomwa upya. Thomas wa Akwino, akijibu katika karne ya 13 swali la namna mmoja anavyoweza kutoa malipizi kwa kosa la mwingine, hakusema kwamba Mungu aliamua tu kumhesabia Kristo madeni ya watu; alisema kwamba kichwa na viungo ni kama mtu mmoja, na kwamba pale wawili wanapounganishwa na upendo mmoja aweza kumlipia mwenzake. Kwa lugha ya Kiswahili, alilijenga fundisho juu ya dhamana, si juu ya fidia peke yake. Pingamizi la Kant hupata nguvu pale Kristo anapofikiriwa kuwa mtu wa tatu, mgeni aliyeitwa mahakamani ili achapwe badala ya mshitakiwa asiyehusiana naye. Likiwekwa mbele ya fundisho la Umwilisho, yaani kwamba Neno alifanyika mwili na kuushiriki ubinadamu uleule unaohukumiwa, pingamizi hilo haliondoki kabisa, lakini hubadilika umbo: swali huwa si kama hatia yaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine, bali kama yupo aliyejiunga na wakosaji kwa kina kiasi kwamba hali yao imekuwa yake.

Mwanatheolojia wa Kijerumani Dorothee Sölle, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu jambo hili, alitofautisha kati ya kitu kinachochukua nafasi ya kingine kabisa na mtu anayemwakilisha mwingine kwa muda. Kiswahili kina maneno yanayoipa tofauti hiyo mwanga zaidi. Mbadala wa kipuri kilichoharibika hufanya kipuri cha zamani kitupwe. Kaimu, kinyume chake, neno lililotokana na usemi wa Kiarabu wenye maana ya anayesimama mahali, huketi katika kiti cha mwenyewe ili kiti hicho kisipotee: hukitunza kwa jina la mwenye nacho, na kazi yake huwa njema pale mwenyewe anaporudi akakikuta. Kristo anayesimama mahali pa mwanadamu kama mbadala humfanya mwanadamu awe mtazamaji wa wokovu wake mwenyewe. Akisimama kama kaimu, huilinda nafasi ya mwanadamu mbele ya Mungu wakati mwanadamu mwenyewe hawezi kusimama, ili siku moja asimame. Ndiyo sababu Paulo, anaposema katika Wakorintho wa Pili 5 kwamba mmoja alikufa kwa ajili ya wote, hahitimishi kwamba wengine hawana haja ya kufa, bali anahitimisha kwamba wote wamekufa, yaani wameingizwa ndani ya kifo hicho ili wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao.

Haya hayafuti badala. Katika bustani alikokamatwa, kwa mujibu wa Yohana 18, Yesu anajitambulisha kwa askari na kuwataka wawaache wanafunzi waende zao, na Baraba anatoka gerezani siku ambayo Yesu anapelekwa msalabani. Hizo ni badala zilizo wazi, zenye watu waliorudi nyumbani kwa sababu yeye hakurudi. Lakini Injili tatu za kwanza zinaitanguliza habari hiyo kwa miaka ya kula na watoza ushuru, kugusa wenye ukoma na kubatizwa katika foleni ya wenye dhambi mtoni Yordani. Aliyekuwa tayari kufa mahali pao alikuwa amekwisha kuishi mahali pao.

Damu na marejesho

Limebaki swali ambalo Rwanda haiwezi kuliahirisha: ikiwa Kristo amebeba hatia, je, mkosaji bado ana deni kwa aliyemkosea? Fundisho la badala likihubiriwa bila uangalifu humpa muuaji njia ya mkato, kwani husema dhambi yake imekwisha kulipwa msalabani, na humwacha mjane akiwa mtu pekee ambaye hajalipwa. Mahakama za Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa rasmi mwaka 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni mbili, nyingi zikihusu mali iliyoporwa au kuharibiwa, ziliuweka ukweli mwingine mbele ya vijiji: kwamba toba ina maneno ya kusema hadharani, ina majina ya wafu ya kutaja, ina mahali pa kuonyesha walikotupwa, na ina mabati, ng'ombe na mashamba ya kurejesha.

Historia ya Ukristo wa Rwanda yenyewe ilikuwa na ushahidi wa jambo hilo kabla ya mahakama. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliiweka damu ya Yesu katikati ya mahubiri yake kuliko karibu harakati nyingine yoyote katika eneo hili. Na waumini wake, waliojulikana Rwanda kama Abarokore, walifahamika kwa kuungama mbele ya watu na kurudisha vitu walivyokuwa wameiba. Hawakuona mgongano kati ya kuimba kwamba damu imesafisha na kubeba jembe la wizi mpaka mlangoni mwa mwenyewe. Wala kugeuka baadaye kwa nchi ya uamsho huo kuwa nchi ya mauaji hakulifuti somo. Kunaonyesha tu kwamba wimbo huweza kuendelea muda mrefu baada ya marejesho kukoma. Jembe lililorudishwa halikuwa nyongeza kwa msalaba, kana kwamba msalaba haukutosha. Lilikuwa dalili kwamba aliyelirudisha ameanza kukaa tena katika kiti ambacho kaimu alimtunzia.

Kwa hiyo kifo cha Kristo ni cha badala, lakini si kwa namna inayomwondolea mkosaji haki ya kuwajibika wala mhanga haki ya kusikilizwa. Isaya 53, sura ambayo Kanisa limeisoma tangu mwanzo kama ufunguo wa msalaba, inasema mengi kuhusu mtumishi anayebeba dhambi za wengi, na mahubiri mengi huishia katika kubeba huko. Sura yenyewe inaishia katika mstari unaotaja pia jambo lingine, lisilo na sauti kubwa, kwamba mtumishi huyo alihesabiwa pamoja na wakosaji. Kuhesabiwa huko ndiko alikokuchagua mwanamke wa Kituo cha Mtakatifu Petro alipoandika idadi ya watu alio nao kisha akajijumlisha nao. Na anayetaka kuelewa jinsi mmoja anavyoweza kusimama mahali pa wengi atafanya vyema kuanzia kwenye hesabu hiyo, ambayo wauaji waliitaka iwe 43 na mmoja kando, na ambayo yeye aliifanya iwe 44.